Hugo Münsterberg, Aliyewapima Watu Kabla ya Kuwapa Kazi

Zamani katika miji yetu ya pwani mtu hakukabidhiwa jahazi kwa sababu ana barua nzuri mkononi. Aliingia chomboni angali kijana, akavuta kamba, akafua maji, akawa baharia kamili, akapanda hadi userahangi. Na ndipo, baada ya misimu mingi ya kaskazi na kusi, mwenye chombo alipomwona kuwa anafaa kuitwa nahodha. Mtihani wake ulikuwa ni bahari yenyewe, na muda wa mtihani huo ulikuwa ni miaka.

Miji mikubwa ya viwanda haikuwa na subira hiyo. Watu walifika mlangoni mamia kwa mamia, hawajulikani kwao wala kwa wazee wao, na mwenye kazi alitaka ajue siku ile ile nani atafaa na nani atamharibia. Aghalabu alichagua kwa sura, kwa kimo, kwa barua ya rafiki au kwa jina la ukoo. Leo kijana wa Mombasa au Malindi aombaye kazi huenda akaketishwa mbele ya karatasi ya maswali, au mbele ya kompyuta, na kwa muda usiotimia saa moja ikaamuliwa kama riziki yake imo humo au haimo. Mizani hiyo ina historia yake. Miongoni mwa watu wa mwanzo walioiunda ni bwana mmoja Mjerumani, Hugo Münsterberg, ambaye maisha yake yana mafunzo kwa mwenye kupima na kwa mwenye kupimwa.

KUZALIWA NA MASOMO

Münsterberg alizaliwa tarehe 1 Juni, 1863, katika mji wa Danzig, bandari ya Bahari ya Baltiki iliyokuwa chini ya utawala wa Prussia, na ambayo leo inaitwa Gdańsk na imo katika nchi ya Poland. Watu wake walikuwa Mayahudi wenye uwezo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na mama yake alikuwa msanii mwenye kupenda kuchora. Walizaliwa ndugu wanne, wote wanaume. Mama alifariki Hugo akiwa na umri wa miaka 12, na baba akamfuata mwaka 1881, kijana hajatimia miaka 20. Baadaye aliingia katika dini ya Kikristo.

Tangu utotoni alikuwa mpenzi wa mashairi na muziki. Alipiga seli, ile fidla kubwa ya kuegemeza baina ya magoti, na alitunga mashairi ambayo aliyachapisha kwa jina la kujibandika. Huenda mtu akashangaa kusikia kuwa mshairi ndiye aliyekuja kuwa mpimaji wa madereva na wapiga simu. Lakini mwenye kutunga huzoea kuhesabu mizani ya kila mstari, na hajui raha mpaka kila kina kimekaa mahali pake.

Alipofika chuo kikuu cha Leipzig alikuwa na nia ya kusomea udaktari wa tiba. Huko alikutana na Wilhelm Wundt, mwanachuoni ambaye mwaka 1879 alifungua maabara ya elimu ya nafsi, elimu ambayo siku hizi huitwa saikolojia. Kabla ya hapo, mambo ya akili na moyo wa binadamu yalikuwa ni ya wanafalsafa, wakiyajadili kwa hoja tupu. Wundt alitaka yapimwe kwa saa na vyombo, kama mfamasia anavyopima dawa. Münsterberg alivutwa na jambo hilo, akapata shahada ya udaktari wa falsafa kwa Wundt mwaka 1885, kisha ya udaktari wa tiba katika chuo cha Heidelberg mwaka 1887. Mwaka huo huo alimwoa Selma Oppler, akaenda kufundisha katika chuo cha Freiburg. Chuo hicho hakikuwa na maabara ya elimu hiyo, basi yeye akaifanya nyumba yake kuwa maabara, akanunua vyombo kwa fedha zake mwenyewe.

SAFARI YA MAREKANI

Mwaka 1889 wataalamu wa elimu ya nafsi walikutana mjini Paris, na huko Münsterberg akajuana na William James, mwalimu mashuhuri wa chuo kikuu cha Harvard. James alimwona kijana huyu kuwa ni hodari, na mwaka 1892 alimwita aje kuiongoza maabara ya Harvard kwa miaka mitatu. Münsterberg alivuka bahari hali Kiingereza chake ni kidogo mno. Miaka mitatu ilipomalizika alirudi kwao, akakaa akifikiri, na mwaka 1897 akarejea Marekani moja kwa moja. Walakini uraia wa Ujerumani hakuuacha mpaka kufa kwake.

Katika miaka ile ya mwanzo kulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye kisa chake kinafaa kukumbukwa. Mary Whiton Calkins alikuwa mwalimu wa kike aliyeruhusiwa kusoma katika maabara ya Harvard kama mgeni tu, kwa kuwa chuo hicho hakikupokea wanawake. Münsterberg aliiona kazi yake, akawaandikia wakubwa wa chuo kuwaomba wampe haki ya shahada. Mwaka 1895 walimu wa idara, Münsterberg na James wakiwamo, walimtahini, na wote kwa kauli moja wakakubali kuwa amefuzu. Wakubwa wa Harvard wakakataa kumpa shahada, si kwa upungufu wa elimu yake bali kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1905 bibi huyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na shahada ya Harvard hakuipata mpaka alipofariki mwaka 1930. Hapo Münsterberg aliona kwa macho yake kwamba mizani hata ikisema kweli haimfai aliyepimwa, iwapo mwenye mlango ameshaazimia kutoisikiliza.

MADEREVA WA TRAMU

Kwa muda mrefu Münsterberg mwenyewe hakuwa na hamu ya kuitoa elimu yake nje ya maabara. Mwaka 1898 aliandika kuwaonya walimu wa shule wasikimbilie kuyatumia majaribio ya maabara darasani, kwani elimu ilikuwa bado changa. Miaka kumi baadaye alikuwa amegeuka, akaona kuwa wakati umefika wa kuipeleka mahakamani, hospitalini, shuleni na kazini.

Kadhia iliyompa jina katika mambo ya kazi ni ya tramu, yale magari ya umeme yapitayo juu ya reli katikati ya mji. Mwanzoni mwa karne iliyopita tramu zilikuwa zikiua na kujeruhi watu wengi katika miji ya Marekani. Zilikuwapo kampuni zilizofikiwa na madai ya fidia hata 50,000 kwa mwaka mmoja, na nyingine zilikuwa zikitoa hadi asilimia 13 ya mapato yao kulipia ajali. Chama kimoja kilichoshughulikia sheria za kazi kiliwaita wataalamu wajadili nini la kufanya, na Münsterberg akaombwa amtazame dereva mwenyewe: ni kwa nini dereva huyu hupita miaka asimguse mtu, na mwenziwe wa njia ile ile haishi kugonga?

Hapa ndipo ulipodhihiri ubora wa bwana huyu. Hakuanza kwa kutunga maswali, bali kwa kuisoma kazi. Macho ya madereva yalikuwa yamekwisha kupimwa, na bado ajali zilitokea. Wepesi wa mkono peke yake nao haukumtosheleza. Alitambua kuwa kazi ya dereva ni kutabiri. Mbele yake kuna mtu anayekwenda kwa miguu, gari la farasi na motokaa, na kila mmoja ana mwendo wake. Wengine wanakwenda sambamba na reli na hawana hatari, wengine wanaielekea. Dereva hodari ni yule awezaye kuwaweka wote machoni kwa wakati mmoja, akajua nani atakutana na tramu, kabla hawajakutana.

Basi akatengeneza mtihani wake. Alichukua kadi ndefu zenye miraba, katikati akachora mistari miwili iwe ndiyo reli. Pembeni mwa reli akatawanya tarakimu. Tarakimu 1 ilikuwa mtu wa miguu, aendaye hatua moja. 2 ilikuwa farasi, mwenye mwendo mara mbili. 3 ilikuwa motokaa, mwendo mara tatu. Zilizoandikwa kwa wino mweusi zilikwenda sambamba na reli, hazina madhara. Zilizoandikwa kwa wino mwekundu zilikuwa zikielekea relini. Kadi ilifunikwa kwa mkanda mweusi wenye dirisha dogo, na mtahiniwa alizungusha mkono wa mashine ili dirisha lipite juu ya kadi kama tramu inavyopita njiani. Kazi yake ilikuwa kutaja zile sehemu ambazo tarakimu nyekundu ingefika relini sawasawa. Akizungusha upesi mno hukosea. Akizungusha polepole mno hupoteza muda. Vyote viwili vilihesabiwa.

Madereva waliotahiniwa waliletwa na kampuni ya tramu ya Boston. Walikuwamo waliosifika kwa miaka mingi bila ya ajali, waliokuwa karibu ya kufukuzwa kwa wingi wa ajali, na wa kati na kati. Madereva hao walikiri kuwa wakizungusha mkono ule walihisi kama wako kazini hasa, ingawa mbele yao hapakuwa na mtaa wala farasi ila tarakimu tu. Kwa jumla matokeo yalielekeana na sifa zao za kazini. Hata hivyo Münsterberg hakudai kuwa amemaliza; alisema wazi kuwa majaribio hayo ni mwanzo tu, na kwamba yanahitaji kukaririwa kwa watu wengi zaidi.

WASICHANA WA SIMU

Kisha ikaja kampuni ya simu. Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka siku za kumwomba opereta akuunganishie simu, ukingoje na roho juu. Marekani ya wakati huo ilikuwa na maelfu ya wasichana wa kazi hiyo. Münsterberg alihesabu kuwa tangu mtu kuinua mkono wa simu hadi mazungumzo kukatwa, msichana hupitia vitendo 14 vya akili na mwili, na kuwa akipokea simu zaidi ya 225 kwa saa moja huanza kuelemewa. Wengi walioingia shule ya kampuni walilipwa wakati wa mafunzo, kisha zaidi ya thuluthi moja wakaacha kabla ya miezi sita kwisha, mishipa imechoka. Hasara ilikuwa ya kampuni na ya wasichana wenyewe.

Kwa kazi hii hakuunda chombo kimoja. Aliigawa kazi vipande vipande, akapima kila kipande: kukumbuka tarakimu zinazosomwa mara moja, kufuta herufi moja kila inapotokea katika ukurasa wa gazeti, kupanga kadi kwa haraka, kugonga alama kwa ncha ya penseli, na mengineyo. Wasichana wapatao 30 walitahiniwa, na majina yakapangwa kwa daraja.

Kampuni nayo ilikuwa na shaka zake. Bila ya kumwambia mtaalamu, iliwachanganya miongoni mwa wanafunzi wapya baadhi ya wapiga simu wake wa siku nyingi, waliokuwa hodari hata wakafanywa walimu. Yaani mpimaji naye alikuwa akipimwa asijue. Lau wale hodari wangeangukia mkiani, mtihani ungekuwa umejifedhehesha. Orodha ilipotolewa, wale wazoefu walikuwa juu kabisa. Münsterberg hakukasirika kwa hila hiyo. Aliisimulia mwenyewe katika kitabu chake, kwani alijua kuwa ndiyo ushahidi wake bora.

Kampuni moja kubwa ya meli ilimletea shida ya maofisa wake. Hatari ilipozuka ghafla, wengine walipigwa na bumbuwazi wasitende lolote, na wengine walitenda upesi bila ya kufikiri. Münsterberg alitengeneza kadi 24, kila moja ikiwa na herufi 48 za A, E, O na U zilizochanganywa, na mtahiniwa alitakiwa azigawe kadi hizo mafungu manne kwa kutazama ni herufi ipi iliyozidi. Waliokaa wakisita walionekana, walioparamia walionekana, na wenye kuamua kwa utulivu nao walionekana. Mabaharia wetu wangemwelewa upesi, maana nahodha hajulikani siku ya maji matulivu.

Mambo hayo yote aliyakusanya katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1912, na kwa Kiingereza mwaka 1913. Humo alieleza nia yake: kumpata mtu bora kwa kazi, kuipata kazi bora kutoka kwake, na kufikia matokeo yaliyokusudiwa. Aliamini kuwa mtu aliyewekwa mahali pasipomfaa huharibikiwa moyo, na kwamba jina na jamaa si dalili ya uwezo.

KASORO ZAKE

Si haki kumsifu mtu tukayaficha makosa yake. Münsterberg alikuwa mwepesi wa kutoa hukumu kubwa kutokana na ushahidi mdogo, na alipenda sana kuandika magazetini. Yeye yule aliyemtetea Bibi Calkins alifanya jaribio kwa wanafunzi wake wa kiume na wa kike, awaonyeshe kadi zenye nukta wakadirie wingi wake, wajadiliane, kisha wakadirie tena. Kwa kuwa wanawake hawakubadili sana rai zao baada ya majadiliano, alitangaza kuwa hawafai kuwa wazee wa baraza mahakamani. Kutoka nukta za kadi hadi haki ya kukaa mahakamani ni umbali mkubwa, na hakuwa amempima mwanamke yeyote katika kazi hiyo hasa. Alichokifanya kwa madereva hapa hakukifanya. Walimlaumu, na lawama zile zilimstahili.

VITA NA MAUTI

Vita vikuu vilipozuka mwaka 1914, Münsterberg alisimama hadharani kuitetea nchi yake ya Ujerumani. Watu wa Boston, waliokuwa upande wa Uingereza, walimgeuka. Marafiki walimkimbia, barua za kumtishia zikamiminika, akaitwa jasusi. Hata njiwa waliolishwa uani kwake walishukiwa kuwa wanabeba habari za siri. Tajiri mmoja aliyesoma Harvard alitishia kufuta wasia wake wa dola milioni 10 kwa chuo iwapo mwalimu huyo hatafukuzwa. Münsterberg alijibu kuwa yu tayari kujiuzulu, ilmuradi nusu ya fedha hizo itolewe mara moja. Chuo kilikataa kuuza kiti cha mwalimu kwa fedha, na hilo ni la kukisifu.

Yaliyompata yalikuwa kinyume cha yote aliyoyafundisha. Yeye alitaka mtu apimwe kwa kazi yake. Wao walimpima kwa asili yake. Miaka yake zaidi ya 20 ya kufundisha Marekani haikuwekwa mizanini.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Disemba, 1916, katika baridi kali ya theluji, alikwenda kufundisha katika chuo cha Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa jirani ya Harvard. Alikuwa amekwisha kuanza somo lake alipoanguka mbele ya wanafunzi, mshipa wa kichwa umepasuka, na hakuinuka tena. Alikuwa na umri wa miaka 53.

ALICHOKIACHA

Jina lake lilisahauliwa upesi, kwa chuki ya vita. Kazi yake haikusahauliwa. Miezi michache baadaye Marekani iliingia vitani, na wanasaikolojia wakawatahini askari wapatao 1,700,000 kwa karatasi. Vita vilipokwisha, viwanda na maofisi yakaichukua mitihani ya karatasi kwa pupa, kwa kuwa ni rahisi na ya haraka. Lakini wengi walichukua mtihani wakaliacha lile la mwanzo, yaani kuisoma kazi yenyewe.

Ubaya wa kuacha huko ulionekana katika jimbo la North Carolina. Kampuni ya umeme ya Duke Power ilikuwa ikiwaweka wafanyakazi weusi katika idara moja tu, ya kazi za sulubu na mshahara wa chini. Tarehe 2 Julai, 1965, siku ile ile sheria ya kupiga marufuku ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni iliweka masharti mapya: anayetaka kazi katika idara zenye mshahara mzuri sharti afaulu mitihani miwili ya karatasi. Hakuna aliyethibitisha kuwa mitihani hiyo ilihusiana na kazi zilizoombwa, na wazungu walioingia zamani bila ya mitihani walikuwa wakizifanya vizuri. Wafanyakazi weusi walishitaki, na tarehe 8 Machi, 1971, Mahkama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kuwa mtihani unaowafungia watu mlango haukubaliki kisheria usipohusiana na kazi yenyewe. Kwa muda wa miaka sita mizani ilikuwa imegeuzwa kufuli.

Wataalamu nao hawakuacha kuchunguza. Mwaka 1998 walitolewa hesabu za utafiti wa miaka 85, na ikaonekana kuwa mtu akipewa sehemu ya kazi yenyewe aifanye, au akihojiwa kwa maswali yaliyopangwa yaliyo sawa kwa kila mwombaji, hujulikana zaidi kuliko kwa mwandiko wake au kwa kuhesabu miaka ya uzoefu. Mwaka 2022 wengine walizirudia hesabu hizo, wakapunguza sifa za mitihani mingi, na mahojiano yaliyopangwa yakashika nafasi ya juu. Hakuna mtihani uliotoa uhakika kamili. Binadamu ni bahari, na bira haifiki chini kila mahali.

Basi mwenye kazi atakayetaka kupima watu na ayatazame maisha ya bwana huyu. Na aisome kazi kabla ya kutunga swali. Na aujaribu mtihani wake kwa wale ambao uhodari wao umekwisha kujulikana, kama kampuni ya simu ilivyofanya. Tena, matokeo yakishatoka, na ayakubali, hata kama aliyeshinda si mtoto wa rafiki yake. Wahenga walisema kuwa asiyekujua hakuthamini. Münsterberg alitumia umri wake kutafuta njia ya kumjua mtu ili apate kuthaminiwa, na mwisho wake akafa miongoni mwa watu waliokuwa hawataki kumjua.